Homa ya Bosi

Ukoo mzima ulimwita Daktari, ingawa hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mwaka wa ishirini na mbili huo kazini, na huko wodini aliitwa Sista kama wenzake wote. Lakini nyumbani, mtu akikohoa mara mbili tu, simu ilipigwa kwake kwanza. Alishatibu vidole vilivyobanwa na mlango, matumbo yaliyovurugwa na vyakula vya harusi, na presha ya mjomba ambaye mpaka leo hakubali kwamba ana presha. Kuna binamu ambaye Sista alimwambia kwa simu, bila hata kumwona, kwamba hilo si chango bali ni kidole tumbo, akimbizwe haraka. Akakimbizwa, akapasuliwa siku hiyo hiyo, akapona. Tangu hapo neno la Sista likawa muhuri. Akisema, limesemwa.

Mdogo wake wa kuzaliwa alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa mahali pa kazi: cherehani mbili, pasi, na vitambaa vya watu vilivyopangwa mpaka karibu na dari. Huyu mdogo mtu alipoteza mimba nne kabla ya kumpata mtoto wake wa pekee, na mtoto alipokuja alikuja na amri. Kabla hajajua kutembea alishajua kuelekeza kwa kidole. Baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu, akampachika jina la Bosi. "Barabarani mimi ni dereva," alikuwa akisema, "lakini nikifika kwangu ni utingo tu." Mama yake mkubwa, yaani Sista, Bosi alimwita Kubwa, kwa kuwa jina lote lilimshinda mdomoni.

Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane homa ilipomwanza, siku ya Jumapili.

Jumatatu Sista alipita akitoka kazini, viatu vyeupe mkononi, kandambili miguuni. Akamshika mtoto shingo, akamfungua kinywa mbele ya dirisha kwa kijiko, akaona koo jekundu.

"Koo hilo," akasema. "Wodi yangu yote imejaa makoo."

"Nimpeleke hospitali, dada?"

"Ukafanye nini? Utakaa kwenye benchi kutwa nzima, umwokotee na ya wenzake. Kwani mimi si hospitali?"

Wakacheka wote wawili. Akamwandikia mdogo wake jina la dawa ya maji, antibiotiki ile ile aliyoiona ikiwaponya watoto mia kwa mia, kijiko kimoja mara tatu kwa siku, na ya kutuliza homa juu yake. Aliondoka akiwa na amani moyoni. Hakuwa mzembe, na hili lazima lisemwe: kama angeletewa watoto kumi wa aina ile, angepatia kwa tisa.

Jumanne alifika amechoka kuliko kawaida. Asubuhi hiyo walimpoteza mtoto wa kitanda namba tatu, na yeye ndiye aliyemfunika. Alimkuta Bosi macho mekundu, mekundu sana, ila hayana tongo wala hayatoi maji. Homa haikuwa imeshuka hata kidogo.

"Dawa bado haijakolea," akasema. "Mpe siku tatu."

"Na hapa je?" Mdogo wake alivuta mkono wa gauni la mtoto. Begani, pale penye kovu la chanjo aliyochomwa siku za kwanza za uhai wake, ngozi ilikuwa imeiva na kuvimba, duara dogo lenye ukubwa wa kifungo cha shati. "Jana hapakuwa hivi. Kovu limekaa kimya mwaka mzima, leo limeamka."

Sista aliinama akatazama. Aliligusa kwa kidole, Bosi akauvuta mkono na kulia.

"Mbu huyo. Au amejikuna. Usitafute ugonjwa kila mahali, mdogo wangu, utapata kichaa."

Basi likaisha hapo. Neno limesemwa.

Jumatano mtoto akaamka na vipele kifuani na mgongoni, vipana, vimeshikana kama ramani. Hapo Sista hakusita hata kidogo. Vipele siku ya tatu ya dawa, mtoto ambaye hajawahi kupewa dawa hiyo: ni aleji, nani asiyejua? Akaagiza ile chupa imwagwe. Akampa dawa ya aleji, na kwa sababu alikuwa mtu wa kuandika mambo, akachukua kadi ya kliniki ya Bosi na kalamu ya wino mwekundu, akaandika juu kabisa kwa herufi kubwa: MZIO WA DAWA, pamoja na jina la dawa yenyewe. Mdogo wake alimshukuru. Alimshukuru mara mbili, maana alijua kuna watu waliozika watoto kwa sababu hakuna aliyewaandikia.

Alhamisi vipele vilipungua. Homa haikupungua.

Ijumaa midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka na kutoka damu, viganja na nyayo vimevimba na kung'aa, na yule aliyekuwa akiamrisha nyumba nzima hakutaka tena kuelekeza chochote. Alikuwa analia tu, kilio kimoja chembamba kisichobadilika, hata akishikwa na mama yake. Mshonaji hakupiga simu. Alizima pasi, akambeba mwanawe, akaenda hospitali, na Sista akawakuta wodini kwake mwenyewe, kitanda namba saba, alipoingia zamu ya mchana.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, mwaka wake wa pili kazini, mstaarabu, mwepesi wa kujifunza. Mambo mengi ya wodi ile alifundishwa na Sista: namna ya kupata mshipa kwenye mkono wa kichanga, namna ya kuzungumza na baba mwenye hasira. Aliishika ile kadi akaisoma.

"Sista, hii umeandika wewe?"

"Mimi. Ni mtoto wa mdogo wangu."

"Basi," akasema kijana, kwa heshima, na akaandika kwenye faili kile alichokisoma kwenye kadi. Mzio wa dawa. Homa, chanzo kinatafutwa.

Kilitafutwa kweli. Damu haikuonyesha malaria. Picha ya kifua ilikuwa safi. Kwenye mkojo zilionekana chembe nyeupe nyingi, zile ambazo mwili huzituma kama askari panapokuwa na uvamizi, kwa hiyo ikaamuliwa kwamba ni maambukizi ya njia ya mkojo, mkojo ukapelekwa kuoteshwa maabara, na Bosi akaanzishiwa sindano za antibiotiki kali ya aina nyingine. Jumamosi ikapita. Jumapili ikapita. Kipimajoto kikawa hakisemi jipya. Shemeji yake Sista alikuwa njiani na lori, siku saba kutoka nyumbani, na kila alipopata mtandao aliuliza swali moja tu: "Daktari anasemaje?" Na kwa Daktari hakuwa na maana ya yule kijana.

Jumatatu, fundi wa maabara alipanda ngazi mwenyewe. Mzee huyu aliitwa Darubini na hospitali nzima, na alikuwa na desturi ya kutuma majibu kwa mhudumu, kwani magoti yake yalishagombana na ngazi siku nyingi. Kumwona wodini ilikuwa kama kumwona mpishi mezani.

"Mkojo wa namba saba haukuota kitu," akamwambia Sista. "Siku tatu nimeulea kama yai. Hakuna mdudu. Na damu yake ni hii hapa." Akamwonyesha karatasi. "Chembe nyeupe zimepanda. Hizi za kugandisha damu zimepanda karibu mara mbili ya kawaida. Kipimo cha uvimbe wa ndani ya mwili ndiyo usiseme. Moto nauona, Sista. Mchomaji simwoni."

"Labda ni hiyo aleji, bado haijaisha."

Darubini alimtazama juu ya miwani. "Aleji ina chembe zake, nazijua. Humu hazipo. Mimi si daktari, lakini na wewe vilevile." Alisema kwa utani, kama walivyozoea kutaniana miaka yote hiyo, kisha akaanza kushuka ngazi, mkono ukutani.

Sista alibaki na ile karatasi. Aliiweka kwenye faili mahali pake. Halafu akaenda chumba cha dawa, akasimama mbele ya kabati lililo wazi bila kujua amefuata nini.

Daktari bingwa wa watoto alirudi kutoka likizo Jumatano, siku ya kumi na moja ya homa. Alikuwa mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini, na tabia yake iliyowachosha watu ni kwamba hakusoma faili kwanza. Alivuta kigoda, akakaa karibu na kitanda, akavua saa yake akaiweka mfukoni.

"Nieleze tangu siku ya kwanza," akasema.

"Homa ilianza Jumapili ya wiki iliyopita," Sista akajibu. "Koo lilikuwa jekundu, nikamwanzishia..."

"Sista, samahani. Naomba nisikie kwa mama."

Mshonaji alikuwa amekaa upande wa pili, mtoto mapajani. Mwanzoni alisema kwa kusitasita, akimtazama dada yake kila baada ya neno. Bingwa hakumkatiza. Aliuliza tu: macho yalitoa tongo? Midomo ilianza lini? Vipele vilitangulia, au macho? Macho yalitangulia, akasema mama. Macho yalikuwa mekundu tangu Jumanne, vipele vikaja Jumatano.

Bingwa alikuwa ameshika mkono wa Bosi, anautazama kidole kwa kidole. Pembeni mwa kucha ngozi ilikuwa imeanza kubanduka, ikitoka kama ganda la kitunguu. Hakuna aliyeliona hilo jana. Labda jana halikuwepo.

"Na kovu la chanjo?" akauliza. "Lilibadilika wakati wowote?"

"Lilivimba," mdogo wake akasema polepole. "Lilikuwa jekundu. Siku hiyo hiyo ya Jumanne. Nilimwonyesha dada. Tukadhani ni mbu."

Alisema *tukadhani*. Sista angeweza kuliacha neno lile lipite. Alikuwa na faili kifuani, amelikumbatia kama ngao.

"Mimi ndiye niliyesema mbu," akasema. "Yeye hakudhani hivyo. Nilionyeshwa, na nikasema ni mbu."

Bingwa aliitikia kwa kichwa, hakumwangalia usoni, na Sista hakujua kama hiyo ilikuwa huruma au haraka ya kazi.

"Si maambukizi," bingwa akamwambia mama. "Wala si aleji, ingawa nakubali kwamba kwa macho vinafanana. Ni mwili wenyewe umewaka. Mishipa ya damu inavimba, hakuna mdudu tunayeweza kumuua. Unaitwa ugonjwa wa Kawasaki."

"Kama pikipiki?"

"Kama pikipiki. Ni jina la daktari aliyeueleza." Alitabasamu kidogo kisha tabasamu likaisha. "Dawa yake ipo, na inatakiwa iingie ndani ya siku kumi za kwanza. Sisi tumeingia ya kumi na moja. Bado nitaitoa, kwa sababu bado anachemka. Lakini leo hii nataka tuuone moyo."

Moyo wakauona mchana, kwa mashine ya mawimbi, kwenye chumba chenye pazia zito. Bosi alikuwa amepewa dawa ya usingizi. Kwenye kioo ulionekana moyo mdogo ukifungua na kufunga kama mdomo wa samaki, na bingwa akasogeza kile kidude kifuani, akasogeza tena, akasimamisha picha, akapima. Mishipa miwili inayoulisha moyo wenyewe ilikuwa imetanuka. Mmoja kidogo. Mwingine ulikuwa na uvimbe kama puto.

Yule daktari kijana alikuwepo. Walipotoka alimfuata Sista koridoni.

"Ningemchunguza upya," akasema. "Ilikuwa kazi yangu kumchunguza upya. Niliisoma kadi nikaacha kuangalia."

"Uliniamini."

"Ndiyo."

Kila mmoja akarudi kwenye kazi yake.

Dawa ilitoka hospitali ya mji mwingine, ikafika Ijumaa kwenye sanduku la barafu. Iliingia kwa dripu, tone kwa tone, saa kumi na mbili mfululizo, na Sista aliomba asipangiwe kitanda namba saba. Jumamosi asubuhi homa ilishuka. Ilishuka yote, ghafla, kama mgeni mkorofi aliyeaga bila kugeuka. Jumapili Bosi alielekeza kidole kwenye kikombe cha jirani, akadai apewe.

Siku hiyo ndiyo baba yake aliyofika. Aliingia na vumbi la safari, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, akamshika mwanawe akamnusa nywele kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Sista, akamshika mikono yote miwili.

"Shemeji," akasema, "Mungu akulipe. Bila wewe huyu tungekuwa tumemzika. Njia nzima nilikuwa najiambia, usiogope, shemeji yupo."

Sista alifungua kinywa. Alimtazama mdogo wake. Mshonaji alikuwa anakunja kanga ya mtoto, anaikunja kwa nne, kwa nane, na hakuinua macho.

"Tumshukuru bingwa," ndilo neno pekee lililomtoka Sista.

Jioni, shemeji alipotoka kutafuta chakula, akamfuata mdogo wake pale bombani alipokuwa anaosha chupa ya mtoto.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie ili iweje? Atakuchukia. Huyo akichukia ni moja kwa moja." Aliisuuza chupa, akaijaza maji tena, akaimwaga. "Mama amekufa. Baba amekufa. Nikikupoteza na wewe, nabaki na nani?"

"Mdogo wangu, nisamehe."

"Sijakusamehe, dada. Nimenyamaza tu." Sauti yake haikupanda. "Siku ya pili nilikuuliza nimpeleke hospitali. Siku ya tatu nikakuonyesha bega. Mimi nashona nguo, sijui kitu, lakini mwanangu nilimjua. Wewe ulinifanya nijione mjinga. Hilo ndilo linaloniuma. Siyo mbu."

Sista alitaka kusema kwamba alikuwa amechoka, kwamba kuna mtoto alimfunika siku ile. Lilikuwa la kweli, na hakulisema. Maji yalikuwa yanamwagika bombani; akanyoosha mkono akalifunga.

"Na nakuomba kitu kimoja," mdogo wake akamalizia. "Akipata homa tena, uje kama mama mkubwa mwingine yeyote. Usimtibu."

Bosi aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya wiki mbili, akiwa na kidonge kidogo cha kila siku cha kuzuia damu isigande pale penye uvimbe. Kwenye kadi yake, bingwa alikata maandishi mekundu kwa mstari mmoja akaandika pembeni kwamba hakuna mzio wowote uliothibitishwa. Masharti yakawa mengi. Asigongwe kifuani. Akitapika bila sababu, akibadilika rangi, akilia bila kunyamazika, aletwe hapo hapo, asingoje mtu. Mshonaji alihamishia cherehani moja chumbani ili asikie mtoto akipumua.

Habari zilipenya kwenye ukoo, kwani habari hazina mlango. Haijulikani ni nani aliyesema. Huenda Sista mwenyewe, maana wiki ile alimwambia mjomba wa presha aende kliniki kama watu wengine, na mjomba akauliza kulikoni. Simu zikapungua. Alizoea kulalamika kwamba hawampi nafasi ya kula, na sasa alikula kwa utulivu, simu mezani, chakula kikiwa hakina ladha. Shemeji naye akaja kujua. Hakumchukia kama mkewe alivyoogopa, ila aliacha kumshika mikono. Alimwamkia vizuri, akamuulizia kazi, akapita.

Kazini hakuna aliyemshitaki, na hilo lilimwia gumu zaidi. Alipoulizwa na mama yeyote, "Sista, hii ni nini?" alijibu, "Sijui, tumwite daktari," hata mahali ambapo alijua. Daktari kijana alimwona siku moja akisita kumwambia mwanamke kwamba mwanawe ana surua, surua ambayo hata mfagiaji angeitambua.

"Sista, hiyo unaijua," akamwambia.

"Najua kwamba naijua," akajibu. "Ndiyo maana naogopa."

Miezi sita ikapita, ikaja siku ya kuupima tena moyo. Mshonaji alimpigia dada yake simu mwenyewe, akamwambia siku na saa, basi. Hakusema njoo. Sista akaomba ruhusa, akaja amevaa nguo za nyumbani, akakaa nje ya pazia na mkoba wa mtoto mapajani. Humo ndani alisikia Bosi akiikataza mashine kwa maneno mapya aliyojifunza.

Walipotoka, bingwa alieleza akiwa amesimama. Ule mshipa uliotanuka kidogo ulikuwa umerudi karibu na kawaida. Wenye puto haukuwa umebadilika. Haukuongezeka, lakini haukupungua, na sasa hakutarajia upungue sana. Kidonge kitaendelea. Vipimo vitaendelea. Mpaka lini? Bingwa akasema hajui, na kwamba angekuwa mwongo kama angetaja mwaka.

Wakatoka getini watatu, Sista nyuma kidogo. Jua lilikuwa kali na njia ya kuelekea stendi ilikuwa na kimlima. Bosi alitembea hatua chache akasimama katikati ya watu, akageuka, akanyoosha mikono juu.

"Kubwa. Beba."

Sista hakusogea. Alimtazama mdogo wake. Mshonaji aliangalia mbele, kule barabara ilikokatwa na nyingine, watu wakiwapita kulia na kushoto.

"Mbebe," akasema hatimaye. "Mpaka pale kwenye kona."

Akambeba. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyomkumbuka, na alinukia sabuni. Alitembea polepole ili kona isifike, na kupitia nguo yake alisikia kile kifua kidogo kikigonga, haraka haraka, sawasawa, na akajikuta anahesabu mapigo kama alivyofundishwa, akajilazimisha aache, akashindwa, akaendelea kuhesabu. Walipofika kwenye kona mdogo wake alisimama na kunyoosha mikono, na Sista akamrudisha.